Nondo wa viwavijeshi na panya shamba: wanashambulia shamba moja, lakini hawapigwi kwa namna moja

Msimu wa kupanda ukikaribia, kuanzia Ismani hadi Mbozi, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wakulima huuliza mambo mawili yale yale. Mbegu zangu zimefukuliwa na panya, nifanyeje? Na mahindi yangu yametobolewa moyoni na viwavi, nipige dawa gani? Maswali hayo hutiwa kapu moja kwa sababu hasara yake huonekana kwenye shamba moja, wiki zinazofuatana. Lakini wahusika ni viumbe wawili wasiofanana karibu kwa lolote, na kuwachukulia kama "wadudu waharibifu" tu kunakula hela nyingi za mkulima kila mwaka bila faida.

Hapa nawaweka ubavu kwa ubavu: ukoo wao, makazi yao na hali yao ya uhifadhi. Ninachotaka msomaji aondoke nacho ni hiki: nondo anaendeshwa na joto na jani bichi, panya anaendeshwa na mvua na mbegu. Kila hatua ya kuwadhibiti inayofaa au kushindwa, chanzo chake kiko hapo.

Ukoo

Nondo ninayemzungumzia ni mzazi wa viwavijeshi vamizi, *Spodoptera frugiperda*. Yuko kwenye faila (kundi kuu la wanyama) ya Arthropoda, tabaka la wadudu, oda ya Lepidoptera pamoja na vipepeo wote, familia ya Noctuidae. Panya shamba ni *Mastomys natalensis*: faila ya Chordata, tabaka la mamalia, oda ya Rodentia, yaani wagugunaji, familia ya Muridae, ile ile ya panya wa nyumbani. Wa kwanza alielezwa kisayansi na J. E. Smith mwaka 1797 kwa vielelezo vya Amerika. Wa pili alielezwa na Smith mwingine, Andrew, mwaka 1834 kutoka Natal, Afrika Kusini. Ukiacha kwamba wote ni wanyama, wanaachana hapo hapo kwenye ngazi ya faila. Kiukoo, panya yuko karibu zaidi na ng'ombe, na hata na chura, kuliko na huyo nondo.

Tofauti hiyo ina matokeo shambani. Nondo hupitia mabadiliko kamili ya umbile: yai, kiwavi, pupa, mpevu. Anayekula mahindi ni kiwavi peke yake. Nondo mpevu ana mrija wa kufyonza nekta na hana meno ya kutafunia jani. Pupa hali chochote, amelala ardhini. Kwa hiyo katika maisha yake kuna kipindi kimoja tu ambacho ni adui wa mhindi, na ndani ya kipindi hicho kuna siku chache tu ambazo dawa inamfikia vizuri.

Panya hana mlango wa namna hiyo. Ana jozi moja ya meno ya mbele juu na jozi moja chini, yanayokua maisha yake yote, na anayatumia tangu aache kunyonya hadi afe. Huzaliwa hai, hunyonyeshwa, na damu yake ni ya joto, kwa hiyo usiku wa baridi wa Njombe haumlazi. Mimba huchukua siku 23 hivi. Jike huzaa kwa wastani watoto 11 kwa uzao mmoja, na ana chuchu nyingi kupita kawaida ya panya, hadi jozi 12. Ukimkamata jike wa panya wa shambani mwenye chuchu zilizopangwa mfululizo tangu kifuani hadi tumboni, bila shaka ni yeye.

Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200, na katika uhai wake anaweza kufikisha 1,500 au zaidi. Halei mtoto hata mmoja. Wengi wao hufa wakiwa wadogo kwa mvua, kwa nyigu, kwa siafu, na kwa kulana wenyewe kwa wenyewe, maana viwavi hawa wakikua hawavumiliani ndani ya moyo wa mhindi mmoja. Ndiyo maana mche mmoja ulioanza na viwavi kumi huishia na mmoja au wawili wakubwa.

Usimhukumu ndugu yake

Makosa ya utambuzi yanagharimu zaidi kuliko bei ya dawa. Familia ya Noctuidae ina ndugu wanne wanaokutana kwenye mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, na kila mmoja anataka jambo lake.

Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa, nyeupe au ya manjano, kwenye uso wa kichwa. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana vidoti vinne vyeusi vilivyopangwa mraba. Tazama vyote viwili. Kichwa peke yake hakitoshi, maana hata kiwavijeshi wa asili, *Spodoptera exempta*, ana mstari unaofanana kidogo. Huyu wa asili hutembea kwa makundi makubwa, akiwa wengi hugeuka mweusi, hula nyasi na nafaka waziwazi na kuhama. Hajichimbii kwenye moyo wa mhindi.

Funza wa mabua wa ukanda wa baridi, *Busseola fusca*, ana rangi ya krimu inayoelekea waridi, hana Y wala mraba, na huingia ndani ya bua. Sota, wa jenasi *Agrotis*, hukata mche usawa wa udongo usiku, na mchana ukichimba sentimita chache utamkuta amejikunja kama pete.

Funza wa mabua ndiye anayechanganya watu zaidi. Yeye hupitisha kiangazi akiwa kiwavi aliyelala ndani ya mabua makavu. Kwa hiyo kuyaondoa mabua, kuyalisha mifugo au kuyafukia kunampunguza kweli. Kiwavijeshi vamizi hana usingizi wa kiangazi na hageuki pupa ndani ya bua: hushuka ardhini, kina cha sentimita 2 hadi 8. Mkulima aliyechoma mabua yote mwezi wa tisa akitegemea kukomesha viwavijeshi vamizi amechoma mbolea yake, na wadudu marafiki pamoja nayo, bila kumgusa mlengwa.

Upande wa wagugunaji mchanganyiko ni huo huo. Panya shamba mkubwa huwa na gramu 40 hadi 80 hivi, manyoya laini ya kijivu-kahawia, tumbo la kijivu, na mkia unaokaribia urefu wa kichwa na mwili. Panya wa nyumbani, *Rattus rattus*, ana mkia mrefu kuliko mwili, masikio makubwa na mwili mkubwa zaidi. Panya milia wa jenasi *Lemniscomys* hutembea mchana. Kwenye majani ya unyevunyevu ya maeneo ya juu kuna *Otomys*, mnene, mkia mfupi, mla nyasi. Huyu hapaswi kulaumiwa kwa mbegu iliyofukuliwa. Fuko naye ni mgugunaji, lakini anakula chini ya ardhi, na viazi mviringo ndivyo vinavyoumia kwake.

Halafu yuko kirukanjia, mwenye pua ndefu iliyochongoka na vijino vidogo vyenye ncha. Huyu si mgugunaji kabisa. Anakula wadudu, pamoja na viwavi na pupa. Kila unapomuua umempa nondo nafuu. Akiwa ndani ya mtego mzima, mfungulie aende.

Makazi: nani mgeni, nani mwenyeji

Panya shamba ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Alikuwa hapa kabla ya mahindi. Nondo asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika, alikotoka pia mhindi wenyewe. Alithibitishwa Afrika Magharibi na Kati mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia Tanzania. Kasi hiyo haishangazi kwa anayemjua: nondo mpevu anaweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo. Panya shamba hana safari za namna hiyo. Maisha yake huyamaliza ndani ya makumi ya mita kuzunguka shimo lake, ingawa vijana wanaotafuta pa kuishi husogea mbali zaidi.

Kwa nondo, ramani ya nyanda zetu ni ramani ya joto. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba kutoka yai hadi mpevu huchukua siku 71 hivi kwenye nyuzi joto 18 za Selsiasi, na siku 20 tu kwenye nyuzi 32. Chini ya nyuzi 12 au 13 ukuaji husimama. Sasa weka hesabu hiyo kwenye ardhi. Kyela, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na tambarare za Usangu zenye mita elfu moja na kitu, vizazi hufuatana haraka, na shamba lililopandwa kwa kuchelewa hupokea nondo waliozaliwa kwenye mashamba yaliyotangulia. Uyole na Iringa mjini mambo yako katikati. Makete na maeneo ya juu ya Njombe, kizazi kimoja kinaweza kuchukua muda mwingi wa maisha ya mhindi. Mkulima wa huko anayefuata ratiba ya dawa ya mwenzake wa Mbarali, kule Usangu, wiki kwa wiki, anapiga hewa.

Kwa kuwa hana usingizi wa kiangazi, nondo huyu anahitaji jani bichi mwaka mzima. Huku kwetu analipata kwenye vinyungu. Mabonde ya Mufindi, Njombe na Iringa yanayolimwa mahindi ya kuchoma na mboga wakati wa ukame ndiyo daraja linalomvusha kutoka msimu hadi msimu. Sisemi watu waache vinyungu, maana ndivyo vinavyolisha nyumba nyingi. Nasema kinyungu chenye mahindi mwezi wa tisa na wa kumi kinatakiwa kukaguliwa kwa uangalifu ule ule wa shamba la masika, na viwavi wake kuuawa kabla mashamba ya juu hayajaota.

Panya naye hutumia mabonde hayo hayo, kwa sababu nyingine: maji, majani mabichi na mbegu za magugu kandokando ya mifereji. Joto si hoja kwake. Anachofuata ni mvua. Nyasi zikishamea na kutoa mbegu, majike huzaa mfululizo, na idadi hupanda kuelekea kiangazi. Chakula kikipungua hufa wengi, na ni wachache wanaofikisha mwaka mmoja. Wanaobaki hai hadi mvua mpya ndio wanaokutana na mbegu yako siku uliyopanda. Anapenda mashamba, mapori ya mashamba yaliyopumzishwa, kingo zenye nyasi na mahali palipovurugwa na binadamu. Ndani ya msitu mnene humkuti kwa wingi.

Utafiti wa miaka mingi wa Morogoro, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulionyesha kwamba mvua nyingi mapema katika msimu huwafanya panya waanze kuzaa mapema, na mwaka unaofuata mlipuko hutokea. Morogoro ina vuli na masika. Huku mvua ni ya mkupuo mmoja, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, hivyo kanuni hiyo haihamishiki kama ilivyo. Kinachohamia ni mantiki yake: msimu mrefu wa mbegu za nyasi maana yake ni vizazi vingi zaidi vya panya, na dalili zake zinasomeka miezi kadhaa kabla ya hasara.

Hali ya uhifadhi

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi unaopima hatari ya viumbe kutoweka, panya shamba yumo kwenye ngazi ya chini kabisa ya wasiwasi. Ameenea nchi nyingi, idadi yake ni kubwa, na anastawi pale binadamu anapolima. Nondo wa viwavijeshi vamizi hajatathminiwa, na hilo ni jambo la kawaida. Lepidoptera ina spishi zaidi ya 150,000 zilizoelezwa, na nondo waliowahi kupimwa kwa vigezo vya hatari ya kutoweka ni sehemu ndogo sana. Mamalia ni spishi 6,500 hivi tu, wagugunaji wakiwa karibu asilimia 40 yao, na karibu wote wameshaangaliwa. Kutokuwa kwenye orodha na kuwa salama ni mambo mawili tofauti. Kwa nondo huyu hakuna mashaka, lakini kwa nondo wengine wa milima yetu lisichukuliwe hivyo.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika mada hii. Tunapopambana na hawa wawili walio wengi kupita kiasi, silaha zetu huangukia ndugu zao walio wachache. Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inajulikana kwa maua yake, okidi zikiwa nyingi. Okidi za jenasi *Habenaria* zenye maua meupe yanayonukia usiku na mirija mirefu ya nekta huchavushwa na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Anayewasha taa kali au moto pembeni ya shamba usiku "kuwanasa nondo" huua nondo wa kila aina, na wa viwavijeshi wakiwa sehemu ndogo ya mzigo. Mtego wa taa kwenye mashamba yanayopakana na Kitulo au msitu wa Rungwe ni kosa, nami sioni hoja ya kuutetea.

Upande wa wagugunaji yuko kindi mweusi na mwekundu, *Paraxerus lucifer*, anayeishi kwenye misitu ya milima ya kusini magharibi mwa Tanzania, Rungwe na Poroto zikiwemo, na kaskazini mwa Malawi. Eneo lake ni dogo na linategemea msitu usimame. Yuko panya buku, wa jenasi *Cricetomys*. Morogoro ndugu zake hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Chambo cha sumu kikimwagwa hovyo kwenye ukingo wa msitu hakichagui. Bundi akimla panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda, naye hudhurika, na panya aliyelewa sumu hukamatika kirahisi kuliko mzima.

Kazi ya panya: kabla ya mbegu na siku 14 za mwanzo

Hasara kubwa ya panya kwenye mahindi hutokea tangu siku ya kupanda hadi mche ukiwa na wiki mbili. Baada ya hapo mmea humshinda, hadi magunzi yanapokomaa. Makadirio ya Tanzania yanayotajwa mara nyingi ni upotevu wa asilimia 5 hadi 15 ya mahindi kwa mwaka wa kawaida. Mwaka wa mlipuko, shamba linaweza kurudiwa kupandwa lote.

Ukipanda sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ekari ina mashimo karibu 18,000. Mstari wa mita 10 una mashimo 33. Siku ya kumi baada ya kupanda chagua mistari kumi ya mita 10 sehemu tofauti, kingo na katikati, uhesabu mapengo. Kisha chimba kila pengo. Mbegu iliyooza ipo na inanuka. Panya huacha kijishimo kilichofukuliwa na maganda ya mbegu. Ndege hung'oa mche na mara nyingi huuacha umelala. Sota huacha kisiki cha mche. Bila hesabu hiyo utamnunulia panya sumu kwa kosa la mbegu mbovu.

Maandalizi yaanze wiki nne hadi sita kabla ya mvua. Fyeka kingo na matuta yenye nyasi ndefu kwa upana wa mita tatu hivi kuzunguka shamba. Rundo la mabua pembeni ni nyumba ya panya, kwa hiyo lihamishe au litandaze. Hapa ndipo kazi ile ile ya mabua isiyomgusa nondo inapomuumiza panya.

Kupima wingi wao, tega mitego 25 kuzunguka ekari moja. Shamba la mita 70 kwa 58 lina mzunguko wa mita 256, hivyo ni mtego mmoja kila mita 10. Tega usiku nne mfululizo: hizo ni siku-mtego 100, na idadi ya panya waliokamatwa ni asilimia moja kwa moja. Rudia mwaka ujao tarehe zile zile, na utakuwa na kipimo chako mwenyewe kuliko maneno ya "mwaka huu panya wengi".

Mtego wa bei nafuu ni ndoo ya lita 20 iliyofukiwa hadi mdomo uwe sawa na ardhi, maji theluthi moja, na gunzi lililopitishwa waya katikati ili lizunguke, likipakwa karanga iliyosagwa. Hushindwa kwa sababu tatu. Mdomo ukiwa juu ya ardhi, panya huuzunguka tu. Maji yakiwa kidogo, huruka akatoka. Gunzi likikaza halizunguki, naye hula chambo akaondoka zake. Funika ndoo mchana, na kila asubuhi angalia: vyura na virukanjia huangukia humo.

Sumu iwe ya mwisho, na isinunuliwe ya kupimiwa kwenye karatasi isiyo na lebo. Fosfidi ya zinki huua haraka kwa kutoa gesi tumboni, na haina kiuasumu maalumu. Panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa hatagusa tena chambo hicho, ndiyo maana huanza kuwekwa chambo kisicho na sumu siku mbili tatu ili wazoee kula. Bromadiolone huua kwa kuzuia damu kuganda, baada ya siku kadhaa, na hospitali hutumia vitamini K1 kwa mtu aliyeila. Zote ziwekwe ndani ya vipande vya bomba au mianzi ili kuku, mbwa na watoto wasifikie. Mizoga ishikwe kwa glavu au mfuko na ifukiwe nusu mita. Panya wa eneo lililotegwa sumu asiliwe, hata akionekana mzima.

Wakulima wengi hushindwa na sumu kwa sababu ya mipaka. Ukiwaua panya wa ekari yako peke yako, wa jirani watahamia kwenye nafasi iliyobaki wazi ndani ya wiki chache, na ukipanda katikati ya wiki hizo utaona kama hukufanya kitu. Kitongoji kizima kitege wiki moja, kipande wiki moja. Kupanda kwa kupishana wiki tatu kati ya majirani ni kumpa panya karamu ndefu.

Kuhusu bundi na nguchiro, watunzwe kwa kila hali. Lakini majaribio kwenye mashamba ya Morogoro hayakuonyesha kwamba wawindaji hao peke yao wanazuia milipuko ya panya shamba, kwa kasi yake ya kuzaa. Wawe nyongeza, mitego ibaki.

Kazi ya nondo: jani la tatu hadi mbelewele

Kwa nondo kalenda inaanza kabla ya panya haijaisha. Mara mahindi yanapoota, kagua mara mbili kwa wiki. Pita shambani kwa mchoro wa W, simama sehemu tano, angalia mimea 20 kila sehemu. Hiyo ni mimea 100, na hesabu ya iliyoshambuliwa ni asilimia. Tafuta fungu la mayai lililofunikwa kama ukungu wa manyoya ya kijivu, vidirisha vyeupe kwenye majani machanga vilivyokwanguliwa upande mmoja, na kinyesi kibichi moyoni. Tundu la zamani lisilo na kinyesi kibichi usilihesabu, kwa sababu kiwavi ameshaondoka.

Mahindi yakiwa na majani hadi sita, hatua ya dawa ni pale mimea 20 katika 100 ina viwavi hai. Kuanzia jani la saba hadi kabla ya mbelewele, kiwango kinapanda hadi 40, kwa sababu mhindi mkubwa huvumilia majani kuliwa bila gunzi kupungua sana. Kunyunyiza baada ya mbelewele kutoka, mara nyingi ni hasara juu ya hasara.

Kwenye eneo dogo mikono inatosha. Kuponda mafungu ya mayai kabla hayajaanguliwa, yaani ndani ya siku mbili au tatu kwenye joto, ni kazi yenye tija kuliko chochote: kidole kimoja kinaondoa viwavi mia. Majivu au udongo mkavu ukidondoshwa moyoni huwasumbua wadogo, ila mvua ikinyesha urudie.

Dawa inamfikia kiwavi akiwa mdogo, hatua tatu za kwanza kati ya sita. Akishakuwa na sentimita mbili hivi yuko ndani ya moyo, amejiziba kwa kinyesi chake mwenyewe, na unachomwagia ni kifuniko. Piga jioni au alfajiri, ncha ya pampu ikielekea moyoni, mmea kwa mmea. Kupata kiasi cha maji, jaza pampu maji matupu, nyunyiza eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako, pima yaliyotumika, zidisha kwa 40. Ikitoka lita 2.2, ekari yako inataka lita 88, pampu tano na nusu za lita 16. Kipimo cha dawa kwa pampu kifuate lebo ya kopo lililosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Viambato kama emamektini benzoeti na klorantraniliproli vina nguvu kwa viwavi wadogo. Visitumike kimoja mfululizo, maana nondo huyu ana historia ndefu ya kuzoea sumu, hasa zile za jamii ya pareto za kutengenezwa viwandani. Ndiyo maana kopo la bei rahisi lililofanya kazi kwa funza wa mabua halimwangushi.

Mtego wa harufu ya jike hunasa madume tu. Utundike mita moja na nusu kutoka ardhini, tumia idadi yake kama kengele ya kuanza ukaguzi, na badilisha kidonge cha harufu kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Anayeuweka akitarajia mayai yapungue atasikitika: jike aliyeshapandwa kwingine bado anaingia shambani kwako kutaga.

Baada ya mavuno, kulima mapema udongo ukiwa bado na unyevu huwaleta pupa juu, wakaliwa na ndege na kukaushwa na jua. Wakati huo huo jembe hubomoa mashimo ya panya yasiyo na kina kirefu, kwa hiyo hii ni kazi moja inayowapata wote wawili. Ifanywe kabla panya hawajakimbilia kingo na kabla nondo hawajatoka ardhini. Kwenye joto la Usangu pupa hutoka mapema, na kwenye ubaridi wa Njombe huchukua wiki kadhaa. Mkulima wa juu ana muda wa kutafuta maksai. Wa chini alime wiki ile ile aliyobeba mahindi nyumbani.